Bango la Kale la Underground ya London: Namna ya Kulitambua, Kulinunua na Kulitunza

Bango la kale la Underground, reli ya chini ya ardhi ya London, husomwa kuanzia chini. Kabla hujatekwa na wanyama wa bustani ya Regent's Park au maua ya bustani ya Kew, inama utazame mstari wa maandishi madogo kwenye ukingo wa chini wa karatasi: jina la kiwanda cha uchapaji, tarakimu kadhaa, pengine mwaka. Hapo ndipo bango linapojitambulisha. Picha yaweza kunakiliwa na yeyote mwenye skana nzuri. Ukingo, karatasi na wino ni vigumu zaidi kuvighushi, na fedha nyingi hupotea kwa sababu mnunuzi aliitazama picha kwanza, karatasi akaikumbuka bango likiwa limeshafika nyumbani.

Mwongozo huu ni wa mabango ya reli ya chini ya ardhi ya London, pamoja na mabasi na tramu zilizokuwa chini ya uongozi huohuo, kuanzia 1908 hadi miaka ya 1960. Tunazungumzia hasa yale yaliyowaalika watu kwenye makumbusho, bustani, majumba ya kifalme, mashindano na maonyesho ya mjini. Ni kwa anayetaka kununua bango moja au mawili ya kweli na kuyafanya yadumu, awe anaishi London kwenyewe, Muscat au Mombasa.

Kwa nini yalichapwa

Historia hii ni kipimo, si pambo. Mwaka 1908 Frank Pick alikabidhiwa matangazo ya kampuni ya Underground. Asubuhi na jioni treni zilijaa watu waendao na watokao kazini. Mchana, usiku na Jumapili viti vilikuwa vitupu, ilhali umeme, njia na mishahara vililipiwa vilevile. Pick akaamua kuwauzia watu matembezi. Bango halikusifu treni. Lilisifu mahali pa kwenda, kisha likataja kituo cha kushukia. Kazi ya kuchora akawapa wasanii wa kweli: Edward McKnight Kauffer, Mmarekani aliyeanza kumchorea mwaka 1915, kisha Charles Paine, Dora Batty, Laura Knight, Paul Nash, Clive Gardiner, Edward Bawden na wengine wengi. Kwenye kuta za vituo aliweka utaratibu pia, mabango ya kampuni yakatengwa na matangazo ya sabuni na dawa, kila moja mahali pake.

Ndiyo maana bango halali la kivutio karibu kila mara huwa na mambo matatu: saizi iliyolingana na mbao za kituoni, jina la kituo au nambari ya basi, na mstari wa mchapaji. Likikosa moja, uliza kwa nini. Likikosa mawili, rudisha pochi mfukoni hadi upate maelezo.

Vifaa vya ukaguzi

Havizidi vitano: futi ya chuma yenye milimita, lenzi ya kukuza mara 10 (ile ya masonara au ya wachapaji inatosha), tochi ndogo, taa ya miale ya urujuanimno ya nanomita 365, na karatasi moja nyeupe ya kawaida ya ofisini kwa kulinganishia. Glavu za pamba hazihitajiki. Vidole hupoteza hisia ndani yake na kingo dhaifu huchanika. Nawa mikono, ikaushe kabisa, vua pete na saa.

Pima kwanza

Saizi kuu ya Underground ilikuwa ile iitwayo dabo royali: inchi 25 kwa 40, yaani sentimita 63.5 kwa 101.6, ikisimama wima. Kubwa yake, kwadi royali, ni inchi 50 kwa 40, sentimita 127 kwa 101.6, ikilala. Mabango madogo ya ndani ya mabasi, tramu na mabehewa yalikuwa takriban sentimita 25 kwa 30.

Tofauti ya milimita chache si kosa, karatasi hutanuka na kusinyaa. Upungufu wa sentimita mbili au zaidi upande mmoja ni jambo jingine: mtu amekata ukingo, na mara nyingi alikata kwa sababu ulichanika au kwa sababu ulikuwa na maandishi asiyotaka uyaone. Ukiona A1, A2 au sentimita 30 kwa 40 kamili, hiyo ni nakala ya kisasa. Tahadhari na inchi 20 kwa 30, yaani sentimita 50.8 kwa 76.2. Saizi hiyo, dabo krauni, ilitumika kwa matangazo halali nchini Uingereza, lakini nakala nyingi za madukani pia huchapwa kwayo, hivyo haithibitishi wala haikanushi chochote.

Mstari wa chini

Majina ya wachapaji utakayokutana nayo mara kwa mara ni Johnson, Riddle & Co., Waterlow & Sons, Vincent Brooks, Day & Son, Dangerfield, Baynard Press na Curwen Press. Karibu na jina huwa na tarakimu. Kwa machapisho ya London Transport, bodi iliyoichukua Underground mwaka 1933, ya baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa kawaida tarakimu hizo zina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa mkwaju: mwezi na mwaka, nambari ya kazi, na idadi ya nakala. Tuchukue mfano wa kubuni: 652/1420Z/2000 ingesomwa Juni 1952, kazi ya 1420Z, nakala 2,000. Tarakimu nne mwanzoni, kama 1052, zinamaanisha Oktoba. Mabango ya zamani zaidi yana mpangilio tofauti, na mengine yana jina la mchapaji tu.

Alama ya haki miliki yenye herufi c ndani ya duara, ikifuatwa na jina la London Transport Museum, ni dalili ya nakala iliyochapwa baadaye. Makumbusho hayo yaliyopo Covent Garden tangu 1980 huuza nakala nzuri kwa uwazi kabisa. Shida huanza pale mtu wa tatu anapoukata ukingo wenye alama hiyo na kuuza kilichobaki kama cha kale.

Usishtuke ukikuta bango la miaka ya mwisho ya 1940 au ya 1950 lenye picha tupu na karibu halina maneno. Kipindi hicho London Transport ilitoa mabango ya jozi: moja la picha, jingine la maelezo, yakabandikwa ubavu kwa ubavu kwenye lango la kituo. Nusu ya picha ikiuzwa peke yake ni halali na haijakatwa. Nusu ya maneno hupuuzwa sana na wauzaji, jambo la kusikitisha, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kilichochorwa. Ukiipata kwa bei ndogo, ichukue.

Acha vituo vikuambie mwaka

Hiki ndicho kipimo tunachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kifaa na kinafanya kazi hata kwenye picha ya simu. Mabango haya yalikuuzia tiketi ya kwenda kituo fulani, na majina ya vituo vya London yamebadilika mara nyingi.

Anayekwenda Tower of London alishukia Mark Lane hadi 1946, kituo hicho kilipopewa jina la Tower Hill. Bango linaloitwa la miaka ya 1920 huku likitaja Tower Hill haliwezekani. Kanisa kuu la St Paul's lilihudumiwa na kituo kilichoitwa Post Office hadi 1937, ndipo kikaitwa St Paul's. British Museum ilikuwa na kituo chake chenye jina hilohilo hadi 1933 kilipofungwa. Baada ya hapo wageni walielekezwa Holborn. Dover Street iligeuka Green Park mwaka 1933. Waliokwenda kutazama mpira wa Arsenal walishukia Gillespie Road hadi 1932. Maonyesho ya ukumbi wa Olympia yalikuwa na kituo cha Addison Road hadi 1946, kisha Kensington (Olympia). Walham Green iliitwa Fulham Broadway kuanzia 1952.

Majina ya njia husaidia vilevile. Jina la njia ya Northern lilianza 1937. Victoria ilifunguliwa 1968, Jubilee 1979.

Jina la mwenye bango nalo litazame. Hadi katikati ya 1933 utaona Underground, au General kwa mabasi. Metropolitan Railway na tramu za halmashauri ya jiji zilikuwa za watu wengine na zilitoa mabango yao wenyewe. Tarehe 1 Julai 1933 zote ziliunganishwa chini ya bodi moja, na tangu hapo jina ni London Transport. Mwaka 1948 bodi ikataifishwa, ila jina la mbele ya watu likabaki lilelile. Kwa hiyo bango lenye jina London Transport linalotajwa kuwa la 1925 lina kasoro, ama kwenye tarehe ama kwenye karatasi.

Herufi ambazo Edward Johnston aliibunia Underground zilianza kutumika 1916. Bango lenye herufi hizo safi haliwezi kuwa la 1910. Kinyume chake hakifuati: baada ya 1916 wasanii wengi waliendelea kuandika herufi kwa mkono wao, kwa hiyo ukosefu wa Johnston hauthibitishi ukongwe. Bei za nauli nazo ni shahidi. Shilingi na peni za zamani, zenye herufi d, zilitumika hadi Februari 1971.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, yapo mabango ya Wembley. Maonyesho ya Dola ya Kiingereza yalifunguliwa huko Aprili 1924 na kurudiwa 1925, na Afrika Mashariki ilikuwa na banda lake. Mabango yake yanatafutwa, na yanachanganya, maana yalitolewa na mashirika mbalimbali: waandaaji wa maonyesho, Underground, na Metropolitan yenye kituo cha Wembley Park. Soma jina la mtoaji kabla ya kulinganisha bei, kwani picha zinazofanana mada hazina thamani moja.

Chini ya lenzi

Mabango ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 yalichapwa kwa litografia: kila rangi ilikuwa na jiwe lake au bamba lake la zinki, na mchoro ulihamishiwa juu yake kwa mkono. Ukiweka lenzi utaona wino uliolala bapa, au chembe zisizo na mpangilio, kama alama za kalamu ya nta juu ya karatasi yenye mikwaruzo. Rangi mbili zinapokutana, moja hupanda juu ya nyingine kidogo, au huacha ufa mwembamba.

Nakala ya ofseti, uchapaji wa kisasa wa viwandani, huonyesha kitu tofauti kabisa: nukta ndogo za samawati, waridi, njano na nyeusi zilizojipanga katika miduara kama ua. Nakala ya printa ya wino huonyesha ukungu wa vitone vidogo mno vilivyotapakaa.

Usianzie kwenye anga wala majani. Weka lenzi kwenye herufi kubwa. Kwenye bango la litografia, herufi nyekundu imejaa wino mwekundu na ukingo wake umekatika vizuri. Kwenye nakala, herufi ileile imeundwa kwa nukta za waridi na njano, ukingo ukiwa na meno. Kisha shuka hadi kwenye mstari wa mchapaji: maandishi hayo madogo ndiyo ya kwanza kuharibika yanaponakiliwa, hufungana na kuwa madoa.

Nukta peke yake si hukumu. Bango lililotumia fotografia, kama jozi maarufu ya msanii wa kamera Man Ray ya 1938, lina nukta tangu lilipozaliwa, na kuanzia miaka ya 1950 uchapaji wa kifotografia ulienea. Swali sahihi ni kama nukta zinalingana na namna kazi ilivyofanywa. Nukta ndani ya picha ya kamera ni sawa. Nukta ndani ya herufi zilizochorwa kwa mkono mwaka 1922 si sawa.

Gizani

Zima taa, washa ile ya urujuanimno, weka karatasi ya ofisini kando ya bango. Karatasi ya kisasa itang'aa samawati-nyeupe kwa sababu ya kemikali za kung'arisha zilizoanza kuenea katika utengenezaji wa karatasi takriban 1950. Bango la kabla ya vita halitakiwi kung'aa hivyo. Litaonekana la manjano iliyofifia au kahawia. Likiwaka kama karatasi ya ofisini, limechapwa juu ya karatasi changa.

Kipimo hiki kina mwelekeo mmoja. Bango la 1958 laweza kung'aa na likawa la kweli. Na bango lililobandikwa juu ya kitambaa laweza kuonyesha mng'ao wa kitambaa pembeni, hivyo angalia karatasi yenyewe. Faida nyingine: viraka na rangi za marekebisho hujitokeza kama madoa meusi au meupe ambayo mchana huyaoni.

Baada ya hapo laza tochi sambamba na uso wa karatasi, mwanga upite kwa ubavu. Mikunjo, mipasuko iliyozibwa na mawimbi ya unyevu vitajitokeza.

Kuchakaa nako kuna mantiki. Bango lililobandikwa kituoni kwa gundi ya unga lilikufa hapo, lilifunikwa na jingine au likakwanguliwa. Yaliyosalia mengi hayakubandikwa kamwe: yalibaki ghalani, kwa mchapaji, kwa msanii, au yaliuzwa kwa watu wa kawaida. Ndiyo sababu mikunjo minne, matundu ya pini kwenye pembe na mpasuko wa sentimita moja pembezoni ni vitu vya kawaida. Kahawia ya uzee huanzia kingoni na pale mwanga ulipopiga. Kahawia iliyoenea sawasawa uso mzima, hadi ndani ya mikunjo, imepakwa. Mara nyingi ni chai.

Kununua

Kama bango huwezi kulishika, mtake muuzaji picha tano: uso wote pamoja na kingo nne, mgongo wote, mstari wa chini kwa karibu, herufi moja kubwa kupitia lenzi, na uso ukiwa umepigwa mwanga wa ubavu. Muuzaji makini hutuma siku hiyohiyo. Anayekataa picha ya mgongo ana sababu, na sababu hiyo si ya kukufaidi wewe.

Kisha fungua mkusanyo wa mabango wa London Transport Museum kwenye intaneti, ambao una maelfu ya mabango yenye jina la msanii, mwaka, mchapaji na vipimo. Linganisha kingo kwa kingo. Tazama umbali kati ya mwisho wa picha na ukingo wa karatasi. Waliokata hujulikana hapo. Mwaka 2012 makumbusho hayo yaliuza mabango yake halisi ya ziada kupitia mnada wa Christie's, kwa hiyo bango lenye karatasi za mnada huo lina asili inayofuatilika, na inafaa kulilipia zaidi kidogo.

Minada ya mabango hufanywa mara kwa mara na nyumba kama Swann huko New York na Onslows huko Uingereza. Hali ya bango hupewa daraja la herufi: A ni safi au karibu safi, B ina kasoro zisizoharibu picha, C ina uharibifu unaoonekana, D ni ya kufikiria mara mbili. Kwa kutundika nyumbani B inatosha kabisa, na tofauti ya bei kati ya A na B yaweza kulipia fremu nzuri.

Piga hesabu kabla ya kuinua mkono. Ukishinda kwa pauni 800, na ada ya mnunuzi ni asilimia 25, unaongeza 200. Kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo ni 40. Umeshafika 1,040 kabla ya usafiri, bima na ushuru wa forodha wa nchi yako. Asilimia za ada hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, zisome kwenye masharti ya mnada wenyewe.

Kauffer na Man Ray ni ghali mno. Thamani ya kweli kwa mwenye pesa ya kiasi ipo kwenye mabango madogo ya ndani ya magari, na kwenye kazi za miaka ya 1950, ambazo mara nyingi zina mchoro bora kuliko bei zake.

Kulimiliki bango si kumiliki haki ya kulichapa. Kabla ya kutoa fulana au kadi zenye picha hiyo, omba ruhusa; haki nyingi ziko mikononi mwa Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo leo.

Kusafirisha na kufungua

Bango la dabo royali huviringishwa kufuata urefu wake, ili bomba liwe na urefu wa upande mfupi: sentimita 63.5 za karatasi zinahitaji bomba la angalau 75, nafasi iliyobaki ijazwe karatasi laini pande zote mbili. Kwadi royali inahitaji bomba la angalau 112. Kipenyo kisipungue sentimita 10. Bomba jembamba la kalenda huvunja nyuzi za karatasi kavu, na mavunjiko hayo hujipanga kama ngazi kutoka juu hadi chini. Bango liviringishwe pamoja na karatasi laini isiyo na asidi, kisha lifungwe ndani ya plastiki dhidi ya mvua.

Likifika, acha bomba chumbani saa 24 bila kulifungua, karatasi izoee hewa. Lifungue juu ya meza safi, likandamize pembeni kwa vifuko vya kitambaa vilivyojazwa mchele mkavu au mchanga safi, uliache litulie lenyewe. Usipige pasi. Usilipulizie maji. Wino mwingine humwagika, na karatasi hutanuka bila usawa ikabaki na mawimbi ya kudumu.

Selotepu ni adui wa kweli. Gundi yake huzama ndani ya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Ukiikuta mgongoni, usiivute. Mwachie fundi wa uhifadhi.

Kubandika kwenye kitambaa: ndiyo au hapana

Karatasi nyingi za mabango zilitengenezwa kwa massa ya mti yenye asidi, nazo huwa kavu na kukatika. Bango lililochanika sehemu nyingi au linalovunjika likishikwa linastahili kubandikwa. Bango zima, laini, lisilo na mikunjo mibaya liache lilivyo. Mgongo wake ni ushahidi na kuufunika ni kuupoteza.

Kazi njema hufanywa hivi: bango husafishwa, hubandikwa juu ya karatasi ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, kisha tabaka hizo mbili huwekwa juu ya kitambaa cha pamba au turubai kilichovutwa. Karatasi ya Kijapani ikiwa katikati, bango laweza kutolewa miaka 50 baadaye kwa maji bila kuumia. Mwulize fundi mambo manne: gundi gani, tabaka gani katikati, kingo zitaguswa au la, na kama atakupa picha za kabla na baada. Akitaja karatasi ya gundi inayoyeyushwa kwa joto, chukua bango lako uondoke. Gundi hiyo haitoki, na wanunuzi makini huliona bango la namna hiyo kama limeharibika.

Fremu

Bango lisiguse kioo. Jasho la kioo likigusa wino, wino hunata kwenye kioo na kutoka nacho. Weka nafasi ya milimita 5 kwa vijiti vya pembeni au kwa kadi nene isiyo na asidi kuzunguka bango, na kadi hiyo isifunike mstari wa chini. Bango lishikwe kwa vipande viwili au vitatu vya karatasi ya Kijapani upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga, ili lipate kutanuka na kusinyaa. Likigandishwa pande nne litajikunja katikati msimu wa mvua ukianza.

Uzito uhesabiwe. Fremu yenye uso wa sentimita 75 kwa 112 ina takriban mita za mraba 0.84. Kioo cha milimita 3 hapo ni kilo 6.3 peke yake. Akriliki ya unene huohuo ni kilo 3. Akriliki yenye kinga ya urujuanimno ndiyo chaguo letu kwa mabango makubwa: ni nyepesi, na ikianguka haikati karatasi. Kasoro yake ni kukwaruzika, kwa hiyo ifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu, si karatasi ya chooni. Tumia misumari miwili ukutani, si mmoja.

Mwanga uwe takriban laksi 50, yaani chumba unachoona vizuri bila mng'ao, mbali na dirisha. Nyekundu na waridi hufifia mapema zaidi, na kinga ya urujuanimno hupunguza kasi tu, haizuii.

Pwani na sehemu zenye unyevu

Karatasi hupenda unyevu wa asilimia 35 hadi 50 usioyumba. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hewa hupita asilimia 75 kwa wepesi, na ukungu huanza kuota ikizidi 65 au 70 kwa siku kadhaa. Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke chumba chenye bango, si chumba kingine.

Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana hudhuru kuliko kutokuwa nacho, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Kama huwezi kukiacha kifanye kazi mfululizo, tumia feni inayozungusha hewa na mashine ya kunyonya unyevu. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala ukuta uliopakana na bafu au jiko. Bandika vipande vya mpira vya sentimita 1 nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Mabango yasiyotundikwa yalale bapa kwenye droo au folda isiyo na asidi, sentimita 15 au zaidi juu ya sakafu, mbali na ukuta, kuepuka mchwa. Wadudu wa karatasi hula gundi ya wanga, hivyo bango lililobandikwa kwenye kitambaa linawavutia zaidi kuliko lisilobandikwa. Vidonge vya naftalini visiguse karatasi. Fungua droo mara moja kwa mwezi, na mara moja kwa wiki wakati wa masika.

Ukikuta ukungu, ondoa bango hilo peke yake upesi upeleke chumba kikavu chenye feni isiyoelekezwa moja kwa moja. Usilifute likiwa na unyevu, kwani mbegu za ukungu hupakaa ndani ya nyuzi na doa hubaki. Likikauka kabisa, vaa barakoa, toka nje, na ufagie kwa brashi laini ya kuchorea kutoka katikati kuelekea kingoni, ukiweka brashi hiyo kando isitumike tena kwa bango jingine. Kisha kagua lililokuwa juu yake na lililokuwa chini yake, hata kama hayana dalili, na ukaushe droo yenyewe kabla ya kurudisha chochote ndani.